Anayecheza na Anayemtazama

Nyanya aliuza santuri katika duka moja la Mombasa, tangu enzi za sahani ndogo za mizunguko 45 mpaka kaseti zilipozifukuza rafuni. Mjukuu ni dijei wa harusi. Wamekaa barazani baada ya alasiri, spika ndogo katikati yao.

MJUKUU: Nyanya, Jumamosi nina harusi Nyali. Bibi harusi ametaka "Dancing Queen" ya ABBA, na amenisisitizia. Nimeutia wimbo kwenye programu, inaniambia una mapigo 100 na kitu kwa dakika. Huo si mwendo wa dansi, ni wa matembezi. Nimeuongeza ufike 120. Hebu sikiliza.

NYANYA: Zima. Zima, mume wangu, watu wanapita njiani. Wale wanawake wawili umewafanya walie kama kasuku walionaswa ndani ya kopo.

MJUKUU: Hiyo sauti nitairudisha chini. Siku hizi programu hukimbiza mwendo bila kupandisha sauti.

NYANYA: Hata ukiirudisha, umeshaharibu. Unadhani wale Waswidi hawakujua kupiga haraka? Mwendo ule waliutafuta. Mwaka 1974 ulitoka Marekani wimbo wa George McCrae, "Rock Your Baby", uliorekodiwa Florida, ukazagaa dunia nzima. Upime kwa hiyo programu yako, utaona hauko mbali na huu wa ABBA. Watunzi wa ABBA, Benny Andersson na Björn Ulvaeus, waliupenda jinsi ulivyotembea: hauna haraka, lakini kukaa kitako huwezi. Tena mpiga ngoma waliyemwita, Roger Palm, masikio yake wakati ule yalikuwa kwenye albamu ya Dr. John wa New Orleans, ile ya "Gumbo". Ngoma za huko huchelewa kidogo makusudi, mguu ukabaki unasubiri. Wewe ukishasukuma mpaka 120, kule kusubiri kunatoweka. Kinachobaki ni kelele.

MJUKUU: Kwa hiyo wimbo wenyewe ulianza na ngoma, si na maneno?

NYANYA: Maneno yalikuja mwisho kabisa. Walikuwa na desturi hiyo. Benny na Björn hukaa, mmoja kwenye piano na mwingine na gitaa, wakatafuta sauti mpaka ipatikane, kisha wanaingia studio na wapigaji, na wimbo unapewa jina la muda tu ili kanda isichanganyike na nyingine. Huu ulipewa "Boogaloo". Tarehe 4 Agosti 1975 wakaingia Glen Studio, nje kidogo ya Stockholm. Benny kwenye piano, Roger Palm kwenye ngoma, Rutger Gunnarsson kwenye gitaa la besi, na fundi mitambo wao Michael B. Tretow. Siku hiyo hakuna aliyekuwa akiimba habari za malkia yeyote.

MJUKUU: Mimi nilisikia malkia mwenyewe ni yule Silvia, mke wa mfalme wao. Kwamba walimtungia kwa ajili ya harusi yake.

NYANYA: Kila mtu amesikia hivyo, na si kweli. Hesabu miaka. Harusi ya Mfalme Carl Gustaf na Silvia Sommerlath ilikuwa tarehe 19 Juni 1976. Wimbo ulianza kurekodiwa karibu mwaka mzima kabla ya hapo. Kilichotokea ni kwamba usiku wa kuamkia harusi palikuwa na tamasha la heshima kwenye jumba la Opera ya Kifalme pale Stockholm, likaonyeshwa kwenye televisheni. ABBA wakatokea wamevalia mavazi ya kizamani ya mabwana na mabibi wa kasri, wakaupiga wimbo ambao watu wengi walikuwa hawajausikia bado. Sasa mtu anaona bibi harusi mtarajiwa amekaa pale, na jukwaani wanaimba habari za malkia, atakosaje kuunganisha? Na wao hawakuwa wajinga wa kuikataa bahati kama hiyo. Santuri ikatoka madukani mwezi Agosti.

MJUKUU: Yaani mwaka mzima tangu siku ya kwanza ya studio! Mimi biti naimaliza usiku mmoja, asubuhi iko mtandaoni.

NYANYA: Ndiyo maana asubuhi ya pili haipo tena. Usinune, nakutania. Lakini sikiliza: sauti za waimbaji waliziingiza baadaye, wakaendelea kuongeza na kupunguza kwa miezi. Palikuwa na ubeti ulioimbwa, ukarekodiwa, kisha ukatupwa. Pana filamu inayowaonyesha wale waimbaji wawili, Agnetha na Frida, wakiuimba ule ubeti studio. Si mbaya. Ila wimbo ulikuwa hauuhitaji, wakauondoa. Halafu, hata ulipokamilika, hawakuutoa. "Fernando" ndiyo iliyotangulia, Machi 1976, nayo ikauzika vibaya sana.

MJUKUU: Vibaya?

NYANYA: Vibaya kwa maana ya wingi, ewe! Kule Australia ilikaa namba moja wiki 14. Mtu mwenye "Dancing Queen" kabatini anaamua kutoa kwanza wimbo mwingine. Ule ulikuwa uamuzi wa kibiashara, na meneja wao, Stig Anderson, kwa biashara hakuwa mchezo. Yeye pia ni mmoja wa watunzi watatu walioandikwa kwenye karatasi ya santuri: Andersson, Ulvaeus, na huyo Anderson mwingine ambaye si ndugu yake Benny, hata herufi hazilingani, ukitazama vizuri.

MJUKUU: Basi walijua tangu mwanzo kwamba wana kitu.

NYANYA: Walijua. Agnetha amewahi kueleza kwamba ni vigumu kujua wimbo gani utavuma, isipokuwa huu. Huu waliujua palepale. Na Frida ndiye wa kwanza kuangua kilio. Wakati ule yeye na Benny walikuwa wakiishi pamoja. Benny akarudi nyumbani na kanda ya ala tupu, hakuna mwimbaji, akamwekea. Frida akalia.

MJUKUU: Kwa wimbo wa kuchezea? Usio na maneno?

NYANYA: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Washa sasa. Ule wenyewe, si ule uliouchafua. Na uzime nikikwambia.

(Wanasikiliza.)

NYANYA: Umesikia nini?

MJUKUU: Piano, ule mfagio wa kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ngoma na besi zikaingia pamoja. Kisha wanawake wanavuta "aa" juu. Halafu kiitikio.

NYANYA: Kiitikio kizima?

MJUKUU: Kiitikio... ngoja. Hapana. Wameanzia katikati. Ile nusu ya kwanza, inayomtaja malkia, haipo. Wamerukia nusu ya pili, pale wanapomwambia kwamba kucheza anaweza.

NYANYA: Ahaa! Miaka yote hiyo unaupiga harusini na hukuliona. Wimbo wa kawaida hukupeleka ubeti kwanza, ukapanda ngazi mpaka kiitikio. Huu unakufungulia mlango sherehe ikiwa imefika kileleni. Hujui anayecheza ni nani, hujui jina lake, tayari uko ndani. Ndipo wanakurudisha nyuma kwenye ubeti, chini, taratibu, wakuhadithie. Kwa hiyo kile kiitikio kinapofika kwa mara ya kwanza kikiwa kizima, wewe unadhani ni cha pili. Mwili umekwisha kukizoea.

MJUKUU: Nami nimeona kitu kingine kwenye programu. Wimbo uko kwenye A meja, ukoo wa furaha. Lakini pale mwanzo kabisa, kifungu cha pili tu cha maneno, piano na besi zinashika C-shapu yenye noti ambayo haimo kwenye ukoo huo, halafu zinaangukia F-shapu maina. Nilidhani programu imekosea.

NYANYA: Mimi hayo majina yenu siyajui, lakini sikio langu linajua mahali. Ni pale maneno yanaposema raha, na chini yake pana kitu kinachokuchoma. Sauti ya juu inapanda, ya chini inahuzunika. Ukiondoa waimbaji, huzuni inabaki peke yake, na hiyo ndiyo kanda aliyopelekewa Frida.

MJUKUU: Labda alilia kwa kukumbuka ujana wake.

NYANYA: Hayo ya labda usiniletee. Maneno ya msichana wa miaka 17 hayakuwapo kwenye kanda ile, kwa hiyo usimfungie kilio chake kwenye hadithi iliyokuja baadaye. Lakini kwa kuwa umetaja ujana wake, nitakwambia, kisha mwenyewe utaamua la kufanya nalo. Anni-Frid Lyngstad, ndiye huyo Frida, alizaliwa Norwe, Novemba 1945, vita vimemalizika juzi. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani aliyekuwa amesharudi kwao. Watoto kama hao walitazamwa vibaya baada ya vita. Nyanya yake akambeba akavuka naye kwenda Uswidi. Mama yake mzazi akawafuata, na muda si mrefu akafariki, binti mwenyewe akiwa hajatimiza miaka miwili. Akalelewa na huyo nyanya.

MJUKUU: Kama mimi.

NYANYA: Wewe mamako yupo, ni uvivu wako tu wa kurudi kwenu. Sikiliza. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari anaimba na bendi za dansi. Na mwaka 1963, Januari, akajifungua mtoto wake wa kwanza. Toa 1945 kwenye 1963, ukumbuke kazaliwa Novemba.

MJUKUU: Kumi na... saba!

NYANYA: Kumi na saba. Wakati wa kurekodi wimbo huu anakaribia 30, ana watoto wawili, wakubwa kiasi. Agnetha Fältskog ana 25, naye ana binti mdogo. Hao ndio waliosimama mbele ya kipaza sauti kumwimbia msichana wa miaka 17 aliyetoka Ijumaa usiku kutafuta mahali penye muziki.

MJUKUU: Kumwimbia. Si kwamba wao ndio yeye?

NYANYA: Uyapitie maneno yote, tangu mwanzo hadi mwisho, unitafutie "mimi". Nakupa shilingi mia.

(Mjukuu anasoma kwenye simu, midomo ikicheza.)

MJUKUU: Hakuna. Wallahi, hakuna. Ni "wewe" tu. Wewe unacheza, wewe umekuja kutafuta mfalme wako, wewe unawasha mioyo ya vijana kisha unaondoka... Na mahali pamoja anasemwa kabisa kama mtu wa kando: mtazameni msichana yule.

NYANYA: Basi. Anayeimba hachezi. Amekaa mahali pembeni, anamwona binti mwingine kati ya ukumbi, na hana wivu naye, hamsemi vibaya, wala hampi nasaha. Nyimbo za kumtazama msichana akicheza ni nyingi, nyingi zimetungwa na wanaume na unajua wanachotazama. Huu umeimbwa na wanawake wawili wazima. Ndipo ile huzuni ya chini inapopata kazi. Msichana anacheza, anafurahi, hajui kwamba usiku huu una mwisho. Anayemtazama anajua. Hatamki, lakini piano inajua.

MJUKUU: Nyanya, si unaukuza sasa? Wale walikuwa wanatunga nyimbo za kuuza. Kule kwao kwenyewe nimesoma kwamba walidharauliwa.

NYANYA: Walidharauliwa sana. Uswidi ya miaka ile ilikuwa na wanamuziki wa mrengo wa kushoto waliosema ABBA ni biashara tupu na nguo za kumetameta. Mwaka 1975, mashindano ya Eurovision yalipopelekwa Stockholm kwa sababu ABBA walishinda mwaka uliotangulia kule Brighton, hao wenzao wakaandaa tamasha lao la kupinga. Na kuhusu nguo, walikuwa na haki. Lakini mtu anaweza kutunga cha kuuza na bado akatunga kizuri. Mimi nimeuza santuri, nakwambia: mteja harudi mara ya pili kwa sababu ya nguo.

MJUKUU: Haya. Niambie habari ya zile sauti. Nimejaribu kuiga kule kunenepa kwake kwa madoido yote niliyo nayo, haitoki.

NYANYA: Kwa sababu haikuwa madoido. Tretow alikuwa amesoma kitabu kuhusu Phil Spector wa Marekani, aliyekuwa akiwajaza wapigaji chumbani, piano zaidi ya moja, magitaa kadhaa, wote pamoja, mpaka sauti ikawa ukuta. Stockholm hawakuwa na fedha za kuajiri umati. Tretow akafikiri: kama siwezi kuleta wapigaji wawili, nimrekodi mmoja mara mbili. Lakini ukirudia vilevile, inasikika palepale. Basi mara ya pili anabadilisha kidogo sana mwendo wa kanda, kiasi cha nywele. Ukiirudisha kanda kwenye mwendo wake, hiyo sauti ya pili imepishana na ya kwanza kwa kitu ambacho sikio haliwezi kukitaja lakini linakisikia. Wakafanya hivyo kwa ala, wakafanya na kwa waimbaji.

MJUKUU: Hiyo naweza kuifanya hapa hapa.

NYANYA: Utafanya kwa mashine, ndiyo. Lakini utawatoa wapi hao wawili? Agnetha ana sauti ya juu yenye kilio, Frida ya chini kidogo na nzito zaidi. Mara nyingi kwenye huu wimbo hawakugawana sauti ya kwanza na ya pili kama kwaya. Wanaimba noti ileile, pamoja. Frida analazimika kupanda mpaka anakokaa Agnetha, na ule ukali kidogo unaousikia ni wa mtu anayefika juu kwa nguvu zake zote. Ukiisikiliza kwa spika nzuri husemi ni wanawake wawili. Unasema ni mwanamke mmoja ambaye hajazaliwa.

MJUKUU: Hiyo nimeipenda. Na ilipotoka, ilikwendaje?

NYANYA: Uingereza namba moja wiki sita, kuanzia Septemba 1976. Uswidi, Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Norwe, Australia, huko kote namba moja. Marekani ilichelewa mpaka Aprili 1977, ikashika juu wiki moja tu, na ndiyo mara yao pekee kufika kileleni kule. Upande wa pili wa santuri palikuwa na "That's Me", wimbo mzuri ambao wanunuzi waliugeuza mara moja wakaurudisha. Filamu fupi ya kuutangaza ilipigwa na Lasse Hallström kwenye klabu moja ya Stockholm. Baadaye akaenda zake Hollywood kuongoza filamu za watu wakubwa. Yatosha hayo, namba nyingi zinachosha.

MJUKUU: Lakini nyimbo nyingi za namba moja za 1976 hakuna anayezitaka harusini leo.

NYANYA: Nao huu ulikaribia kwenda njia hiyo. Kundi lilinyamaza mwishoni mwa 1982, ndoa zote mbili zimeshavunjika. Kwa miaka kadhaa ilikuwa aibu kukiri unapenda ABBA. Dukani mtu aliiulizia kwa sauti ya chini, akinunua na kitu kingine cha kuifunika. Walioishika bila haya walikuwa watu wa klabu za mashoga huko Ulaya, Marekani na Australia. Ukitaka ukweli wa historia, ndio huo. Kisha 1992 kundi la Erasure likaziimba upya nyimbo nne za ABBA, zikafika namba moja Uingereza, na mwaka uleule ikatoka albamu ya mkusanyiko, "ABBA Gold", ambayo mpaka leo haijaacha kuuzwa. Hata U2 waliupiga "Dancing Queen" jukwaani Stockholm kiangazi kile, na Benny na Björn wenyewe wakapanda kuwasaidia.

MJUKUU: Na ile filamu ya Ugiriki.

NYANYA: "Mamma Mia!" Ilianza kama mchezo wa jukwaani London mwaka 1999, filamu ikaja 2008. Umeiona sehemu ya wimbo huu? Meryl Streep ni mama mwenye nyumba ya wageni, mtu mzima, amechoka na madeni, amevunjika moyo. Marafiki zake wa ujanani wanamwimbia huu wimbo, wao ni wazee wenzake. Anaanza kwa kukataa. Kisha wanatoka nje, wanashuka kijijini, na kila wanapopita wanawake wanaacha kazi zao na kufuata. Wengi wao si wa miaka 17. Wakosoaji waliicheka filamu ile, na kuna mahali inastahili kuchekwa, mwanamume mmoja mle ndani haimbi, anabweka. Lakini katika sehemu ile walioitengeneza waliuelewa wimbo kuliko wengi: "wewe" wa kwenye wimbo anaweza kuwa mwanamke yeyote anayesikiliza.

MJUKUU: Sasa umenikumbusha. Harusini, nikiuweka, wasichana wadogo ndio wanaobaki kwenye viti, wameshika simu wanarekodi. Wanaosimama kwanza ni akina shangazi. Wale ambao tangu jioni wanalalamika magoti, wanavua viatu. Nilikuwa nadhani ni kwa sababu ndiyo nyimbo za wakati wao.

NYANYA: Wakati wao ulikuwa na nyimbo nyingi. Mbona hawavui viatu kwa zote?

MJUKUU: Na yule aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, Theresa May? Alikuja Nairobi akacheza na maskauti, dunia nzima ikamcheka.

NYANYA: Agosti 2018. Alianzia Cape Town, akaja Nairobi, na kotekote akacheza kwa mabega yaliyokauka. Magazeti ya kwao yakamfanyia sikukuu. Mwezi wa Oktoba akawa na mkutano wa chama chake Birmingham, serikali yake inatikisika kwa mambo ya Umoja wa Ulaya, chama chake chenyewe kinamvizia. Akatoka nyuma ya pazia akicheza, kwa mabega yaleyale, na wimbo uliowekwa ni huu. Siasa zake sizisemei, hazinihusu. Lakini angechagua wimbo wa mtu anayejisifu, pangekuwa na aibu ukumbi mzima. Huu humsifu anayecheza, vyovyote anavyocheza. Wakampigia makofi.

MJUKUU: Nimekubali, kasi siigusi. Lakini nina jambo jingine. Ule mwanzo, piano na zile "aa", nataka niukate niufanyie biti yangu mwenyewe, nimpe mwimbaji mmoja wa hapa Kisauni aandike juu yake.

NYANYA: Uuze?

MJUKUU: Niutie mtandaoni. Ukivuma, utauzika.

NYANYA: Basi omba ruhusa. Benny na Björn hawatoi kirahisi. Waliwapa Fugees kipande cha "The Name of the Game". Mwaka 2005 Madonna alitaka ile tuni ya kinanda ya "Gimme! Gimme! Gimme!" kwa wimbo wake "Hung Up", na Madonna huyo huyo, na umaarufu wake wote, alimtuma mtu mpaka Stockholm na barua ya kuomba. Wakafikiri, wakakubali, wakaandikwa miongoni mwa watunzi na mgawo wao wakapata. Wewe ukikata kimyakimya, siku wimbo utakapovuma ndiyo siku mawakili watakapoujua. Usipovuma hawatakujua, lakini hapo utakuwa umejichosha bure.

MJUKUU: Sina wa kumtuma Stockholm.

NYANYA: Basi fanya alivyofanya mpiga piano wa Elvis Costello, Steve Nieve. Walikuwa na wimbo unaoitwa "Oliver's Army", wimbo mkali wa siasa, wa askari na himaya. Haukukaa sawa, Costello alikuwa karibu kuutupa. Nieve akakaa kwenye piano akiwa na "Dancing Queen" kichwani, zile sauti nene za mkono wa kulia zinazotua mahali pa kuruka, akatafuta za kwake zinazofanana na hizo kwa tabia. Hakukata kitu. Wimbo ukafika namba mbili Uingereza mwaka 1979, na hakuna barua iliyoandikwa kwenda kokote.

MJUKUU: Lakini yeye alijua piano, Nyanya. Mimi nabonyeza kompyuta.

NYANYA: Kinanda cha mjomba'ko kiko chumbani nyuma ya mashuka. Funguo mbili tu ndizo hazilii, na moja ni ile C-shapu yako. Kitoe tukipanguse kabla ya magharibi.